Waleti, kadi na USDT za kuchezea poker: nyota nimetoa kwa kuangalia mlango wa kutokea

Wakuu habari zenu. Rivyu nyingi za njia za malipo za poker zinaongelea kuweka hela tu, sijui inaingia fasta, sijui bonasi asilimia mia, basi mtu anajiunga roho nyeupe. Mi nimeanza na kutoa. Kuweka kila saiti inakukaribisha kwa mikono miwili, kwenye kutoa ndo mnajuana. Na swali nililoiuliza kila njia ni moja tu, siku hii njia ikipotea kwenye ukurasa wa keshia (pale saiti unapowekea na kutolea hela), mtaji wangu unakuwa wapi na naucheza vipi mpaka nipate nyingine? Naandika kama mtu wa Dar anayecheza meza ndogo za dola jioni akishatoka kazini, kwa hiyo wale wa meza kubwa mtanivumilia.

Kwa ambaye hajawahi kukutana nayo, inakuwaga hivi. Unafungua keshia, pale palipokuwa na nembo sita zimebaki nne, hakuna tangazo, hakuna emaili. Unabonyeza kutoa, inakuletea maandishi mekundu kwamba njia uliyowekea haipatikani kwa nchi yako, wasiliana na sapoti. Sapoti anakujibu kwa upole sana na hajibu ulichouliza. Na muda wote huo salio lako liko pale juu kulia linang'aa, dola zote zipo, meza ziko wazi, ukitaka ucheze hata saa hiyo hiyo cheza. Hapo ndo watu wanapoliwa. Hela usiyoweza kuitoa inaanza kuonekana kama chipsi tu, mtu wa meza za senti kumi na ishirini (hizo ni dau za lazima za kuanzia kila mkono) anapanda za dola moja na mbili eti "si imekwama tu hata hivyo". Akija kufunguliwa mlango hana cha kutoa.

Wamarekani wameyaona haya kuliko mtu yeyote kwa hiyo nianzie kwao. Oktoba 2006 Bush alisaini ile sheria ya UIGEA, ya kuzuia malipo ya kamari za mtandaoni, ambayo haikuhangaika na mchezaji, ilihangaika na anayepitisha hela. Saiti ya PartyPoker wakafunga mlango kwa wateja wa Marekani papo hapo. Neteller, ambayo ndo ilikuwa waleti (pochi ya hela ya mtandaoni) ya kila mcheza poker kule, ikabaki, ila Januari 2007 waanzilishi wake wawili, Stephen Lawrence na John Lefebvre, wakakamatwa, na ndani ya siku chache kampuni ikatoka Marekani hela za wateja zikiwa zimeshikiliwa. Watu walikuja kuanza kulipwa mwisho wa Julai mwaka huo. Yani nusu mwaka mtaji wako uko kwenye waleti, si kwenye saiti, kwenye waleti! Na wengi walikuwa wameiweka kule kwa kuamini ndo sehemu salama.

Halafu 2010 ikaja zamu ya ePassporte, waleti nyingine, Visa wakaikatia huduma Septemba, Oktoba ikafa kabisa. Tarehe 15 Aprili 2011 ndo ikawa ile Ijumaa Nyeusi, serikali ya Marekani ikachukua domeni (anwani za mtandaoni) za saiti za PokerStars, Full Tilt na Absolute Poker siku moja. PokerStars walilipa wateja wao wa Marekani ndani ya wiki chache, hela zao zilikuwepo. Full Tilt hazikuwepo. Kwa hesabu ya waendesha mashitaka, mwisho wa Machi 2011 walikuwa wanadaiwa na wachezaji kama dola milioni 390 na benki walikuwa na milioni 60 hivi.

Sasa sikilizeni sababu mojawapo, manake ndo inayotuhusu. Njia zao za malipo zilikuwa zinakufa moja baada ya nyingine, wakafika mahali hawawezi kuivuta hela kutoka benki ya mchezaji, lakini hawakutaka mchezaji ajue. Kwa hiyo ukiweka dola mia wanakuandikia mia kwenye akaunti, unacheza, unapoteza, mwenzio anashinda, na hiyo mia haijawahi kutoka benki kwako. Zilifika kama dola milioni 130 za namna hiyo. Watu wanashindania mezani hela ambayo haipo duniani! Tangu nilipoisoma hiyo kila nikiona saiti inahangaika na malipo huku bado inakubali "kuweka" kirahisi kupita kiasi, nywele zinanisimama.

Na kuna Chris Ferguson, mcheza poker maarufu. Wale wa zamani mnamkumbuka, alianza na dola sifuri kwenye Full Tilt, akacheza mashindano ya bure mpaka akafikisha dola elfu kumi, na kanuni zake za mtaji mpaka leo ndo tunafundishana: usikae meza ya keshi na zaidi ya asilimia 5 ya ulichonacho, mashindano ya watu wengi usizidi asilimia 2, meza ikikuendea vizuri mpaka chipsi zimefika zaidi ya asilimia 10 ya mtaji, inuka. Kanuni safi kabisa, mi nazitumia. Huyo huyo Ferguson alikuwa mmoja wa wakurugenzi wa kampuni ya Full Tilt. Aliyefuata kila asilimia vizuri akakuza mtaji wake pale pale Full Tilt aliishia kusubiri, wa Marekani mpaka Februari 2014 malipo ya kwanza yalipoanza kutoka, na wale wa Absolute Poker na saiti ndugu yake UB ndo mpaka 2017. Kwa hiyo asilimia peke yake haitoshi, lazima ujue asilimia ya nini.

Ya nini basi? Kwangu mtaji ni ile hela ninayoweza kuifikisha mkononi, nikishatoa makato yote njiani. Kilichoko saiti nakihesabu chote ikiwa tu nimetoa hivi karibuni kwa njia ile ile na ikafika. Njia ya kutoa ikiyumba nakihesabu nusu. Ikikatika, sifuri, na nashuka meza siku hiyo hiyo hata kama namba pale juu inasema mi ni tajiri. Nitarudi kwenye hesabu hapo chini, kwanza nyota.

Neteller na Skrill nazipa nyota tatu na nusu, na nazipa pamoja makusudi. Watu wanasema "mi sina wasiwasi nina zote mbili", mkuu, hizo ni za mwenye mmoja. Skrill, ambayo zamani ilikuwa Moneybookers, ilinunuliwa 2015 na wenye Neteller na kampuni ikaitwa Paysafe. Wakiamua kitu kuhusu nchi yako wanaamua kwa zote. Na wameshawahi, 2016 zile kadi zao za Mastercard za kutolea hela ATM ziliondolewa kwa sisi wote tulio nje ya ukanda wa malipo ya Ulaya, waliokuwa wanategemea kadi kutoa hela ATM ya Mlimani City wakabaki wanaangaliana. Ukitaka akiba ya kweli ya waleti, ya pili iwe ya kampuni nyingine kabisa.

Zinachopata sifa ni kwamba saiti karibu zote zinazitambua, hela inatoka saiti kufika waleti haraka, na historia ya miamala unaipata yote ukiihitaji. Zinachopoteza ni ubadilishaji, wana kiwango chao cha kubadili sarafu kilicho juu ya bei ya soko kwa asilimia kadhaa, kwa hiyo fungua akaunti ya dola na ukae kwenye dola mpaka mwisho, usibadili kwenda na kurudi. Halafu akaunti ikilala miezi wanaanza kukata ada kila mwezi. Mtu kaacha dola thelathini kwa ajili ya dharura, dharura ikija anakuta ishirini na kitu.

Kuhusu uhakiki wa utambulisho ngoja niseme kidogo, na hii waleti siitaji jina manake ni yangu na bado naitumia. Waliniomba ushahidi wa anwani, bili ya umeme au maji. Bili ya umeme! Nikawatumia risiti ya LUKU, ina namba ya mita, ina yuniti, ina tokeni tarakimu ishirini, mtaa hamna. Wakakataa. Nikawatumia barua ya serikali ya mtaa yenye mhuri wa mwenyekiti, nzuri kabisa, wakasema hawasomi lugha hiyo. Mwisho stetimenti ya benki ndo ikapita, baada ya benki kuandika jina la mtaa na namba ya nyumba kama nilivyowaambia. Na majina, NIDA ina matatu, laini ya simu imesajiliwa kwa NIDA kwa hiyo matatu, akaunti ya poker nilijaza mawili. Hivi vitu vishughulikie wakati hela ni ndogo na hakuna haraka. Siku njia nyingine zikifungwa kila mtu anakimbilia kuhakikiwa siku moja na foleni inakuwa ya kufa mtu.

Kadi za benki na zile kadi za kidigitali za mitandao ya simu, nyota mbili. Kuweka raha, ila malipo ya kamari yana namba yake maalum kwenye mfumo wa kadi, 7995, benki ikiamua kuzuia hiyo namba inazuia bila kukuuliza na kesho yake kadi ile ile inalipa Netflix vizuri tu. Leo inapita kesho haipiti. Na saiti nyingi zina sharti hela irudi ilikotokea, sasa ukiwekea kadi ambayo haiwezi kupokea unaanza kuzungushwa, mara tuma picha ya kadi, mara subiri uhamisho wa benki. Mi kadi natumia kuweka kidogo kwenye waleti, saiti moja kwa moja hapana.

Uhamisho wa benki kwa benki, nyota tatu kwa kiasi kikubwa, moja kwa kiasi kidogo. Kuna benki za katikati njiani kila mmoja anachovya. Ukitoa dola hamsini kwa njia hiyo umewafanyia wao sherehe. Dola elfu moja sawa. Tatizo lingine ni maswali ya benki yako, jiandae kuonyesha hela imetoka wapi, na hapo zile historia za waleti ndo zinafaa.

USDT, ile sarafu ya kidigitali inayofuata thamani ya dola. Hapa wengi mnasubiri nitoe tano, natoa tatu. Kwa kasi hakuna kinachoifikia, hela ipo simuni hata Jumapili usiku, na saiti nyingi zilizokimbiwa na waleti zimehamia huku. Lakini sisi wa Tanzania tusijisahaulishe, BoT walishatoa tangazo Novemba 2019 kwamba hizi sarafu hazitambuliki, halafu 2024 sheria ya fedha ikaja na kodi ya zuio asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidigitali, kwa hiyo unasimama sehemu isiyoeleweka vizuri, ikitokea shida huna pa kwenda kulia. Na nayo ni njia inayoweza kupotea kama zingine. Wanigeria Machi 2024 Binance, soko la kuuzia na kununulia sarafu za kidigitali, waliwaondolea huduma zote za naira, kuuziana kwa naira kukafa, salio za naira zikageuzwa USDT. Coin unayo, naira hupati.

Pale kwenye kumuuzia mtu USDT ili upate shilingi, nitawaonyesha ninavyofanya, manake ndo watu wanapigwa. Mnunuzi anabonyeza "nimelipa". Simu inalia, meseji imeingia, "Imethibitishwa, umepokea shilingi laki tatu na nusu", jina fulani. Usiachie coin kwa meseji. Meseji mtu yeyote anaweza kukuandikia, ina mpaka namba ya muamala. Fungua menyu mwenyewe, angalia salio lenyewe limeongezeka? Kisha jina la aliyetuma, ni lile lile lililoko kwenye oda? Akikwambia "nimetumia ya bro wangu" we katisha, rudisha, usione aibu, manake hiyo hela inaweza kuwa ya mtu aliyeibiwa, kesho laini yako ndo inafungiwa. Akianza kukuharakisha "bosi fanya haraka niko hospitali", ndo ongeza uvivu. Na mtandao wa kutumia kuhamisha coin, saiti ikikuandikia TRC20 (mtandao wa Tron) tuma TRC20, ukikosea hapo hakuna sapoti wa kumpigia.

Kuna hii ya klabu za kwenye simu, PPPoker na wenzake, ambako programu yenyewe ni chipsi za bure na hela mnamalizana na wakala kwa M-Pesa au Airtel Money. Nyota moja, na hiyo moja ni ya urahisi. Njia yako ya malipo ni binadamu mmoja. Akibadili namba, imeisha. Nawajua wanaolipwa vizuri tu mwaka mzima, sawa, ila mtaji wa kule usizidi ule ambao ungemkopesha huyo jamaa bila kuandikiana.

Sasa hesabu. Tuseme una dola 600 saiti, unacheza senti kumi kwa ishirini, kiingilio (hela ya kukalia meza) dola 20, kwa hiyo una viingilio 30, mambo safi. Njia ya kuweka imekufa, ya kutoa ipo. Hali hii ndo inawachanganya watu kuliko zote, manake ukitoa yote hurudi tena mchezoni, ukiacha yote uko kwenye huruma yao. Viingilio 30 vilikuwa vinatosha kwa sababu ukiyumba unaongezea toka mfukoni, sasa huwezi kuongezea, kwa hiyo 30 si 30 tena. Mi natoa mpaka zibaki viingilio 40 vya meza moja chini. Yani nashuka senti tano kwa kumi, kiingilio dola 10, naacha 400, natoa 200, na kila zikipanda kufika 500 nachomoa ile mia. Mia inayofika nyumbani inaniambia njia bado ipo hai, na inapunguza kilichoko hatarini. Kwa wale wa mashindano mambo ni magumu zaidi, ukame wa mashindano unaweza kumaliza viingilio mia bila kosa lako, na bila njia ya kuongezea ukiisha umeisha, hapo mi ningeacha kabisa mashindano makubwa mpaka njia ipatikane.

Kinyume chake, kuweka kupo, kutoa kumekufa: usiongeze hata senti. Sijui kwa nini hili linahitaji kusemwa ila linahitaji, manake saiti wakiwa kwenye hali hiyo ndo wanatoa bonasi nono. Na bonasi yenyewe huwa inafunga kutoa mpaka ucheze kiasi fulani, kwa hiyo unajifunga mara mbili.

Makato nayo yaingie kwenye hesabu, si baadaye. Saiti kwenda waleti, waleti kwenda benki au simu, simu kwenda noti. Mnakumbuka Julai 2021 tozo za miamala zilivyoanza tarehe 15, muamala mkubwa unakatwa mpaka elfu kumi juu ya makato ya kawaida? Walikuja kupunguza, lakini wiki zile waliokuwa wanatoa kidogo kidogo kila siku waliona faida yao ya mezani inaishia njiani. Mchezaji wa meza ndogo anayeshinda anashinda kidogo, makato ya asilimia sita kwenda na kurudi yanaweza kula mwezi mzima. Toa mara chache kwa kiasi kinachoeleweka.

Na kwa wanaosema haya ni ya Wamarekani, jirani zetu Kenya Julai 2019 serikali iligoma kuhuisha leseni za kampuni 27 za kubeti, SportPesa ikiwemo, Safaricom wakaambiwa wafunge namba zao za malipo za M-Pesa. Nchi ambayo M-Pesa ndo kila kitu! Na zile zilikuwa kampuni zenye ofisi Nairobi. Saiti ya poker ya nje ambayo haina leseni ya Bodi yetu ya Michezo ya Kubahatisha, ukikwama we unakwenda ofisi gani?

Mgawanyo wangu saizi: kama theluthi moja iko saiti, nyingine kwenye waleti mbili za kampuni tofauti, iliyobaki iko benki kwa shilingi na haina habari na poker mpaka niihitaji. Niko senti tano kwa kumi, njia ya kuweka ya waleti yangu kuu kwenye saiti hiyo imetoka mwezi huu bila maelezo, ya kutoa bado inafanya kazi, ombi la juzi lilifika kabla sijalala. Anayejua saiti inayokubali waleti ya Payz kwa akaunti ya Tanzania, kuweka na kutoa vyote viwili, aliyojaribu mwenyewe na si ya kuambiwa, aniandikie hapo chini pamoja na muda iliochukua.